Kabla Hujalipia Hiyo Subaru

Mwanangu mpenzi,

Salamu nyingi kutoka Mombasa. Sisi sote hatujambo, alhamdulillahi. Nimezitazama picha za Impreza WRX STI (ile Subaru Impreza ya turbo yenye nguvu zaidi) ya mwaka 2006 uliyoipata huko Nairobi, nikazikuza mpaka nikaona boliti. Sikukatazi. Mapenzi haya hayakuanza na wewe. Wakenya wameipenda Impreza tangu Colin McRae aliposhinda nayo Safari Rally mwaka 1997, na Richard Burns akaja kushinda tena kwa Impreza mwaka 2000. Lakini mimi nimeuza spea miaka mingi, na nimewahudumia vijana wengi waliokuja dukani kutafuta injini nzima muda mfupi baada ya kununua gari la turbo lililochezewa ili liongezwe nguvu.

Anza na jambo ambalo muuzaji hatalitaja. STI ya Kijapani imepangiwa petroli ya daraja la juu ya Japani, yenye oktani (kipimo cha petroli kustahimili kubanwa bila kujilipukia) 98 hadi 100. Pampu zetu za kawaida hazifiki hapo. Na kwa kuwa Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka 8, gari la 2006 liko nchini kwa muda mrefu, yaani limekunywa mafuta yetu zaidi ya miaka kumi. Petroli yenye oktani ndogo ikibanwa na presha ya turbo hujilipukia yenyewe ndani ya silinda, na kila mlipuko wa namna hiyo ni pigo kwa pistoni na beringi. Kompyuta ya injini hujitahidi kujikinga kwa kuchelewesha cheche. Mtu akishaibadilisha programu yake ili aongeze presha bila kujali mafuta yanayopatikana, kinga hiyo haitoshi tena.

Kwa hiyo usiulize kwanza gari lina nguvu za farasi ngapi. Uliza nani alibadilisha programu, lini, kwa mafuta gani, na karatasi ya vipimo vya injini iko wapi. Mtu aliyefanya kazi hiyo vizuri huitunza karatasi yake na hupenda kuionyesha. Ukijibiwa "kuna fundi mmoja hivi", mwanangu, ondoka. Uliza pia vipuri vya asili viko wapi. Nimeona kwenye picha chujio la hewa la umbo la pia na eksozi pana. Chujio kama hilo linaweza kuvuruga kipimo cha hewa kinachoingia, na kompyuta ikikosea hewa inakosea petroli pia. Kama programu haikurekebishwa kufuatana na vitu hivyo, basi injini imekuwa ikiunguzwa polepole.

Thibitisha kwanza kwamba ni STI kweli. Beji na bawa la nyuma hununuliwa. Namba ya chesisi ya STI ya Kijapani ya miaka hiyo huanza na GDB na giaboksi yake ina gia 6. WRX ya kawaida ni GDA, gia 5. Iandike namba hiyo kwa mkono wako kutoka kwenye bodi, usiinakili kutoka kwenye logibuku.

Mwambie muuzaji asiliwashe gari kabla hujafika. Weka kiganja juu ya boneti. Ukikuta joto, rudi siku nyingine. Injini hizi zikiwa baridi zinaweza kugonga kidogo kwa pistoni kisha zikanyamaza zikipata moto. Sauti ya kuogopa ni ile nzito ya chini, inayosikika unapoachia mafuta kwenye mizunguko kama 2,500 au 3,000. Hiyo ni beringi, na hapo hakuna bei ya kujadiliana. Chomoa kijiti cha oili, ifute oili kwenye karatasi nyeupe na uitazame juani. Ukiona vimetameta vya chuma, usiendelee.

Kisha pima kompresheni, yaani presha ya mbano, ya silinda zote nne. Plagi za injini hii zimelala ubavuni, kuzifikia ni kazi, na fundi atataka kukwepa. Mlipe muda wake, na awe fundi wako, si wa muuzaji. Silinda moja ikiwa chini sana kuliko wenzake, hilo si gari la kununua kwa bei yoyote. Uliza pia mkanda wa taiming, unaozipangia valvu muda wa kufunguka, ulibadilishwa lini, kwa risiti. Muda wake ni kilomita 100,000, na ukikatika valvu hugongana na pistoni.

Barabarani, tafuta uwanja ulizungushe taratibu usukani ukiwa umekatwa wote. Likijikaza na kurukaruka, difu ya kati, inayogawa nguvu kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma, ina shida. Tazama na tairi: kwenye gari linalovuta kwa magurudumu yote, tairi zisizolingana huila difu hiyo. Inua zulia la buti uangalie mchomeo mpya, maana magari haya hukimbizwa na hugonga.

Karatasi ni kazi fupi. Fanya utafutaji wa NTSA, mamlaka inayosajili magari, kwa jina lako, uone kama benki ina haki juu ya gari. Wajulishe bima mabadiliko yote kabla ya kulipia.

Usitume pesa ya kulishikilia gari, hata akikuambia kuna mteja mwingine njiani. Nitumie picha ya namba ya chesisi na ya injini leo usiku, pamoja na hizo karatasi kama zipo. Nitazisoma kabla hujaenda Jumamosi.

Mama yako