Rufaa ya veterani haina mwenyewe

Ndugu Mhariri,

Nimekuwa msomaji wenu kwa miaka kumi na minne, tangu nilipokuwa kambini nikitafuta chochote cha kusoma kwa Kiswahili, na katika muda huo wote sijawahi kuwaandikia. Iliyonilazimisha kuandika leo ni ile taarifa yenu ya ukurasa wa afya ya wiki mbili zilizopita, iliyoeleza kazi ya kuuongoza mtandao wa madaktari na hospitali za nje wanaowatibu maveterani, yaani wanajeshi wa zamani, kwa niaba ya serikali ya Marekani. Mwandishi wenu alisema kwamba kipimo cha kiongozi mzuri wa mtandao huo ni kasi ya kuupanua, yaani idadi ya kliniki mpya zinazotia saini kila mwaka. Mimi hutibiwa ndani ya mtandao huo. Kipimo hicho sicho, na ningependa wasomaji wenu, ambao wengi wao wana kijana au binti jeshini, waelezwe kwa nini.

Nilizaliwa Tanga, nikaingia Marekani kwa bahati nasibu ya kadi ya kijani, nikajiunga na Jeshi la Nchi Kavu mwaka 2010 na kuapishwa uraia nikiwa bado mafunzoni. Nilitumikia Afghanistan, katika kambi ya Bagram, ambako taka za kila aina zilichomwa kwenye mashimo ya wazi, na moshi wake tuliuvuta usiku na mchana. Sheria ya PACT iliyotiwa saini Agosti 2022 imekubali kwamba moshi ule uliharibu mapafu ya watu, na imeorodhesha maradhi ambayo veterani halazimiki tena kuthibitisha chanzo chake. Kwa sheria hiyo nashukuru kwa dhati. Daktari wangu wa VA, yaani Idara ya Masuala ya Maveterani, ni mtu makini na mwenye huruma, na ndiye aliyesema Januari 2024 kwamba pumzi yangu haiendi sawa, akaniandikia rufaa ya kumwona bingwa wa mapafu.

Hapo ndipo mtandao wa nje unapoingia, na ni haki kukumbuka ulikotoka. Mwaka 2014 ilifichuka kwamba katika hospitali ya VA ya Phoenix, Arizona, kulikuwa na orodha za siri zilizoficha muda halisi ambao wagonjwa walikuwa wakisubiri, na wengine walifariki majina yao yakiwa bado yamo. Waziri wa idara hiyo, Eric Shinseki, alijiuzulu Mei mwaka huo, na kufikia Agosti Bunge lilikuwa limeshapitisha sheria ya kumruhusu veterani kutibiwa nje ikiwa anakaa zaidi ya maili 40 kutoka kituo cha VA au atasubiri zaidi ya siku 30. Utekelezaji wake ulikuwa wa haraka na wenye kasoro nyingi. Madaktari walicheleweshewa malipo na baadhi yao wakakataa kuwapokea wagonjwa wetu. Ikaja sheria ya MISSION, iliyotiwa saini Juni 6, 2018 na kuanza kutumika mwaka mmoja baadaye siku hiyo hiyo. Sasa veterani ana haki ya kwenda nje ikiwa mwendo wa gari ni zaidi ya wastani wa dakika 30 kwa daktari wa kawaida au wa afya ya akili na dakika 60 kwa bingwa, au ikiwa atangoja zaidi ya siku 20 kwa wale wa kwanza na siku 28 kwa bingwa. Nchi imegawanywa katika kanda tano, na kampuni mbili, Optum na TriWest, zimepewa mikataba ya kuunda orodha ya watoa huduma na kuwalipa. Sheria hii ni nzuri. Sitaki mtu yeyote aitumie barua yangu kudai kwamba maveterani wa vijijini warudishwe kwenye safari za saa nne.

Bingwa wa mapafu wa VA katika eneo letu hakuwa na nafasi kwa zaidi ya miezi miwili, hivyo nilistahili kwenda nje, na idhini ya siku 90 ikatolewa Januari 11. Niliambiwa nisubiri kupigiwa simu. Baada ya wiki mbili za kimya niliipigia ofisi ya rufaa ya VA, nikapewa majina matatu kutoka kwenye orodha ya mtandao. Kliniki ya kwanza ilinijibu kwamba daktari niliyemtaja alihamia jimbo jingine mwaka uliotangulia. Ya pili ilikuwa ya mapafu, naam, lakini ya watoto, na mhudumu wa simu aliniuliza mwanangu ana umri gani. Ya tatu ilikubali kunipokea, ila haikuwa imeziona karatasi za idhini. Ofisi ya rufaa ikasema imezituma, kliniki ikasema hazijafika, ofisi ikasema imezituma tena, kliniki ikasema mashine yao ya faksi ilikuwa mbovu wiki ile. Nilipigwa danadana hiyo kwa siku kumi na moja na simu tisa, nazo nimeziandika zote katika daftari, tarehe na saa, kwa sababu jeshini nilifunzwa kwamba kisichoandikwa hakikufanyika. Mwishoni mke wangu aliomba ruhusa kazini, akaenda hospitali ya VA kuchukua diski ya picha zangu za CT pamoja na nakala ya idhini, akazipeleka kwa mkono wake hadi kliniki. Miadi ikapangwa Aprili 16.

Idhini ya siku 90 iliyotolewa Januari 11 huisha Aprili 10. Mimi sikuhesabu. Kliniki haikuhesabu. Ofisi iliyotoa idhini, ambayo niliipigia Machi kuijulisha tarehe ya miadi, ikaniitikia na kunitakia heri, nayo haikuhesabu. Siku ya Jumanne hiyo niliendesha gari kwa dakika hamsini na tano, nikafika nikiwa nimekaa bila kutumia dawa ya kuvuta tangu usiku uliotangulia kama nilivyoelekezwa kwa ajili ya kipimo cha pumzi, nikapanda ngazi za ghorofa moja nikipumzika mara mbili, na msichana wa mapokezi, kwa sauti ya upole ambayo mpaka leo simlaumu, akaniambia kwamba hawezi kuniingiza kwa sababu idhini yangu ilikufa siku sita zilizopita, na kwamba nikitaka kuonwa siku hiyo nilipe mwenyewe. Niliketi kwenye kiti cha mapokezi nikapiga simu ofisi ya rufaa. Nilisubiri dakika arobaini na moja. Aliyepokea hakuwa na faili langu mbele yake, akanihamishia kwa mwingine, huyo akasema suala la tarehe ni la kampuni ya mkataba, nayo kampuni ikasema kuongeza muda ni kazi ya VA. Watu wanne walizungumza nami asubuhi ile, wote kwa adabu, na kila mmoja alikuwa amemaliza sehemu yake ya kazi kama ilivyoandikwa katika maelekezo yake. Daktari wa VA alikuwa ameandika rufaa. Ofisi ilikuwa imetoa idhini. Kampuni ilikuwa na kliniki kwenye orodha. Kliniki ilikuwa imepanga miadi. Na mimi, ambaye kwa ajili yangu kazi zote hizo zinasemekana kufanyika, nilikuwa nimekaa pale nikikohoa huku wagonjwa wenye bima za waajiri wao wakiitwa majina na kuingia. Nilirudi nyumbani, rufaa ikaanza upya tangu mwanzo, na bingwa nilimwona Julai. Ni pumu, iliyoanza baada ya utumishi, ambayo imo katika orodha ya sheria ya PACT. Nusu mwaka wa kulala nimeegemea mito mitatu ungeweza kuwa wiki chache.

Septemba ikaletwa bili nyumbani kwangu kutoka kwa kliniki ile. Kanuni iko wazi kwamba daktari wa mtandao anadai malipo kwa kampuni ya mkataba na hapaswi kumwelekezea mgonjwa bili hiyo, lakini kuifuta kulihitaji simu nyingine saba, ambazo nazo zimo katika daftari.

Na kwa kuwa nimeshaanza, niseme pia juu ya marejesho ya gharama za safari, kwa sababu ni maradhi yale yale kwenye kiungo kingine. Veterani anayestahili hurejeshewa senti 41.5 kwa maili, baada ya kukatwa dola 3 kwa kila upande wa safari, na ni lazima aombe ndani ya siku 30 tangu miadi. Safari ya Aprili 16 haikurejeshwa, kwa sababu katika kumbukumbu hakukuwa na miadi iliyofanyika. Jirani yangu aliyepigana Vietnam, mzee wa miaka sabini na sita asiyetumia kompyuta, haombi kabisa; ananunua mafuta kwa pensheni yake na kunyamaza. Mzee huyo huyo aliacha kufuatilia rufaa ya macho baada ya simu ya tatu. Katika takwimu za mtandao sijui angeandikwa wapi, kwani hakukataliwa na mtu yeyote.

Ndiyo maana taarifa yenu imenikera. Kuwahesabu madaktari waliotia saini ni rahisi, na kila robo ya mwaka namba itapanda, akiwemo yule aliyehamia jimbo jingine na yule wa watoto. Mwaka 2025 idara ilitangaza kwamba idhini za fani 30 za ubingwa zitadumu mwaka mzima badala ya miezi mitatu au sita, nami nilifurahi kusoma hivyo, maana kwa utaratibu huo nisingerudishwa mlangoni Aprili ile. Lakini idhini ya mwaka mzima haitamsaidia mtu anayepiga simu kwenye kliniki isiyompokea. VA imekwisha kuziunganisha chini ya ofisi moja kuu kazi za huduma ya ndani na ya nje, kwa hiyo kiongozi yupo, na mamlaka yapo. Kinachokosekana ni mtu mmoja anayeibeba rufaa moja kuanzia siku daktari anapoiandika hadi siku mgonjwa anapoketi mbele ya bingwa na majibu kurudi kwa daktari aliyeandika.

Napendekeza mambo matatu, na ninayapendekeza nikiamini kwamba yanawezekana. Karatasi ya idhini iandikwe jina la mfanyakazi mmoja na namba yake ya moja kwa moja, naye asiifunge rufaa mpaka majibu yarudi. Siku za idhini zianze kuhesabiwa tangu miadi ya kwanza, kwa fani zote bila ubaguzi. Na kiongozi wa mtandao, yeye mwenyewe na si msaidizi wake, achukue Jumanne ya kwanza ya kila mwezi namba kumi kutoka kwenye orodha anayoiongoza, azipige kwa simu ya kawaida isiyoonyesha ofisi yake, aseme kwamba ni veterani mwenye tatizo la mapafu, na asiinuke kitini mpaka apate miadi au afute jina hilo kwenye orodha. Matokeo ya simu hizo kumi yatangazwe hadharani, pamoja na idadi ya siku halisi kati ya rufaa na kuonwa, kwa kila kanda.

Ninyi mna waandishi wanaoweza kumfikia kiongozi huyo; mimi huishia kwa mhudumu wa simu. Mtakapomhoji tena, tafadhali msimwulize mtandao una kliniki ngapi. Mwulizeni mara ya mwisho aliyoipiga mwenyewe namba iliyomo ndani yake ilikuwa lini, na simu iliita kwa muda gani kabla ya kupokewa. Daftari langu lina kurasa kumi na tisa hadi sasa, na mkilihitaji nitawatumia nakala.

Wenu katika kusoma,
Sajini wa zamani, mzaliwa wa Tanga, Marekani