Msione haya kuitwa mafundi: barua kwa wachongaji na wachoraji vijana wa Mji Mkongwe

Wanangu,

Asalaam alaykum. Juzi barazani mteja alimwita mmoja wenu fundi, naye akanuna. "Mimi msanii, si fundi." Nilinyamaza, ila neno lile limenikaa moyoni.

Sanaa tumelipata kwa Waarabu, kutoka sinaa, na asili yake ni kuunda kitu kwa mkono. Hata leo Mwarabu akisema sinaa anakusudia viwanda. Uchoraji na muziki huuita fani, neno ambalo nasi tunalo na walimu wa fasihi hawaliachi. Zamani karakana ya merikebu waliiita dar as-sinaa, nyumba ya kazi. Waitaliano wakalichukua, na watu wa Venice wakaiita karakana yao Arsenale. Fikirini hilo, wanangu: neno mnalojivunia lilinuka mbao na lami zamani sana, kabla ya majumba ya maonyesho.

Hata art ya Waingereza imetoka kwenye ars ya Kilatini, yaani ustadi, uwe wa tabibu au wa mjenzi. Kumtenga mchoraji na seremala kulishika nguvu huko Ulaya karne ya 18. Sioni kwa nini turithi sisi.

Na fundi? Hilo letu la Kibantu, ndugu yake funda, fundisha na mwanafunzi. Ukiitwa fundi umeambiwa kwamba umefundwa ukafundika. Nimechonga miimo na mifaa ya milango tangu sijaota ndevu, na sijapata sifa inayoipita hiyo.

Linaloniuma ni jingine. Siku hizi mtu akitapeliwa husema kafanyiwa usanii. Tusiwalaumu wasemaji. Nimeona mteja kalipa nusu ya mlango, kazungushwa miezi minane. Nimeona mti mwepesi umepakwa rangi ya viatu, ukauzwa kwa jina la mpingo. Neno hili tumelichafua na sisi wenyewe.

Basi ukipokea arbuni, taja siku unayoiweza kweli. Ubao uite kwa jina lake. Upande wa nyuma usioonekana upigeni msasa vilevile.

Na yule aliyenuna, hasira zikitulia, aje kwangu na patasi zake. Ua la pembe ya kushoto halijakaa sawa, na mwenye mlango haji mpaka Jumamosi.

Mzee wenu, fundi wa milango