Barua kwa somo: Shangazi na jiwe la chumvi

Ipuli, Tabora
14 Februari

Kwako somo,

Mwangaluka! Sisi hatujambo. Mvua haikatiki, mahindi yamenifika kifuani, na njia ya kwetu imekuwa bwawa la Igombe la pili. Barua yako aliileta yule kijana wa basi pamoja na kahawa. Mama watoto anashukuru, ila anasema safari ijayo usione haya, ongeza.

Sasa hili la farasi. Unasema yule mwekundu amepata wazimu siku mbili tu tangu bosi wenu aanze kumpa balansa, zile punje za protini, vitamini na madini: anaruka akiona jani, anapiga ukuta wa banda, akifungwa mkanda wa tandiko anageuka kutaka kung'ata. Na bosi ameamua gunia lote litupwe. Kisha unaniuliza mimi! Saisi, mtunza farasi wa Usa River, anaomba ushauri kwa muuza maji mwenye punda wawili. Huku kwetu farasi ni mnyama wa kwenye picha, mbung'o hawampi nafasi. Hata Stanley, yule mzungu msafiri, alipotoka Bagamoyo mwaka 1871 kuja Unyanyembe, huku kwetu Tabora, alikuwa na farasi wawili, na wote walimfia njiani, huku hawakufika.

Lakini nitakujibu, kwa sababu kosa analotaka kulifanya bosi wako mimi nimeshalifanya, na alama ninayo kwenye muundi wa mguu wa kulia.

Unamkumbuka Shangazi, yule punda wangu jike wa kijivu mwenye msalaba mweusi mgongoni. Ndiye aliyekuwa akipanda kilima cha kuja huku na madumu kumi bila kuambiwa twende. Masika ya mwaka juzi jamaa mmoja wa mashine ya kukoboa aliniuzia pumba kwa bei ya kutupa. Ukizishika ni chenga tupu, pumba jina. Na wewe unajua masika hakuna anayenunua maji, kila mtu kakinga ndoo chini ya bati. Kwa hiyo punda wangu wakasimama zizini wanakula. Debe asubuhi, debe jioni, na mimi najiona mfugaji bora. Wiki ileile nikanunua jiwe la chumvi la kulamba, nikalitundika kwenye nguzo.

Haukupita muda Shangazi akabadilika. Nilipoinama kufunga mkanda alinipa teke ambalo sikuliona likija, niliona tu madumu yanabiringika hadi kwa jirani. Watoto hawakumsogelea tena. Mke wangu akasimama mlangoni akasema, "Hilo jiwe lako lina nini ndani?" Nami nikaona kweli, kwani jipya lililoingia zizini si hilo? Nikalitupa nyuma ya choo. Shangazi akaendelea kuwa simba wiki mbili nzima bila jiwe.

Aliyenitoa gizani ni daktari wa mifugo aliyekuja kuchanja mbwa mtaani. Nilitegemea amtazame macho, masikio, huko kwenye hasira. Yeye akachuchumaa, akaweka kiganja kwenye kwato za mbele, akaniita. "Shika hapa." Somo, zilikuwa za moto kama kikombe kilichomiminwa chai sasa hivi. Akanipeleka vidole nyuma ya kifundo, juu kidogo ya kwato, mshipa unagonga du, du, du. Ndipo nikaona na jinsi alivyosimama: miguu ya mbele kaitanguliza, uzito wote kautupa nyuma, kama mzee anayeshuka ngazi. Daktari akasema, "Miguu inamuuma, wewe unamwita mkorofi."

Alinieleza hivi. Utumbo mdogo wa punda, na wa farasi vilevile, una kipimo chake cha wanga. Ukizidisha, unaobaki unaporomoka hadi utumbo mkubwa, ambako kuna vijidudu vilivyozoea nyasi. Vikipata chenga vinachachua haraka, tindikali inapanda, tumbo linaunguza, na madhara yanaingia kwenye damu hadi kwenye kwato. Kabla hata kwato hazijawaka, mnyama anakuwa na kisirani kwa sababu ya tumbo tu. Akaniongezea kwamba pumba zina fosforasi nyingi na kalisi haba, ndiyo maana zamani Ulaya farasi wa wasaga unga walivimba mifupa ya uso. Jiwe nililolitupa nyuma ya choo, kumbe, lilikuwa halina kesi.

Nimesoma barua yako mara tatu nikiwa na mguu huu unaowasha. Kwanza umesema kwamba nafaka anapewa kama zamani, balansa imewekwa juu yake. Hapo pana kasoro. Balansa imetengenezwa iwe kidogo: protini, vitamini na madini vimebanwa kwenye punje chache ili mtu apunguze nafaka. Kwa kawaida ni kama gramu 100 kwa kila kilo 100 za mnyama, kwa hiyo farasi wa kilo 450 hapati hata nusu kilo kwa siku. Wanga unaoingia kwa kipimo hicho ni mdogo mno kumpandisha mtu ukutani. Mnapimia nini? Kama ni lile kopo kubwa la nafaka, likijaa punje hizo ni zaidi ya kilo, mara mbili ya kipimo na kuzidi. Nenda kapime kwenye mizani leo, na hapo sizungumzii wazimu tena: madini kama seleni yakizidi ni sumu.

Pili, na hili umeliandika kwa mstari mmoja kama mtu anayetaja hali ya hewa: bosi alisafiri mwezi mzima na mwekundu hakupandwa. Somo! Farasi aliyezoea kukimbia, amefungiwa bandani, chakula kilekile, na unauliza kwa nini anaruka? Shangazi alikuwa hivyo hivyo, masika, zizi na debe.

Tatu, majani makavu anapewa saa ngapi? Tumbo la farasi linatoa tindikali usiku na mchana, ale asile, na kinachoipoza ni mate anayotoa akitafuna. Akilala na hori tupu hadi asubuhi, vidonda vya tumbo haviko mbali, na mwenye vidonda hapendi ukimkaza mkanda. Kabla hajashtakiwa kwa tabia, daktari amwone tumbo, mgongo na meno.

Sisemi balansa haibadilishi mnyama. Inaweza. Farasi aliyekuwa amepungukiwa protini na madini akianza kupata, anapata nguvu na hamu, na bosi anashangaa mpole wake kaenda wapi. Mimi naamini nusu ya punda wapole wa mji huu ni punda wenye njaa. Lakini mabadiliko ya namna hiyo huja kwa wiki na miezi, pamoja na manyoya na kwato. Wewe umesema siku mbili. Kwa siku mbili, tafuta kwingine.

Na ule unga wa magnesiamu wa kutuliza, ambao jirani yenu anausifu, mwambie bosi asiukimbilie. Farasi aliyepungukiwa magnesiamu atafaidika, ila wengi wanaipata ya kutosha kwenye majani, na ushahidi wa huo utulivu ni mwembamba. Heri akitaka kumtia mwili, atumie mafuta kidogo na majani mazuri badala ya nafaka. Farasi wa namna hiyo huwa hawashtuki ovyo kama wa wanga. Ila abadilishe kitu kimoja kwa wakati mmoja. Akitupa gunia, akipunguza nafaka na kuanza kumpanda siku hiyohiyo, balansa itabeba lawama hadi Kiyama.

Shangazi nilimwondolea chenga zote. Anakula nyasi kavu, mabua, na majani ya karanga baada ya mavuno, na jiwe nilinunua jingine, lile la chooni hata mbuzi walilikataa. Ilifika Juni ndipo akatembea barabarani bila kuchagua pa kukanyaga. Malaika hajawa. Mwenye baiskeli ya mkaa akipita karibu bado anamtolea meno, na mimi simlaumu, yule bwana huwa anapiga kengele sikioni mwake.

Hapo bandani kwenu kama kuna mkanda wa tandiko uliochakaa, ule wenye manyoya ya kondoo kwa ndani, niombee. Wangu ni wa mpira wa tairi, na wiki iliyopita nimeona umemchubua chini ya kwapa. Mpe kijana wa basi, atajua pa kuniachia.

Wasalimie nyumbani.

Wako,
somo wa Ipuli