Vuta upinde unaoumudu

Mhariri,

Naomba nafasi kidogo niseme na wenzangu wanaotumia upinde wa kuwindia. Wengi wetu tunajisifu kwa uzito wa upinde, yaani nguvu inayotakiwa kuuvuta. Nami miaka minne nilivuta ratili 60, mishale ikienda kushoto, nikailaumu mishale.

Siku niliposhuka hadi ratili 45, nikasimama hatua tano tu kutoka kwenye shabaha na kufumba macho, ndipo mwili uliponionyesha kosa. Mkono wa kushoto ulikuwa umekamata mpini kama wa jembe. Kila nilipoachia kamba, vidole vilikaza na upinde ukageuka. Sasa mpini unatulia kwenye kitako cha dole gumba, vidole vimelegea. Kidole cha shahada cha mkono unaovuta kinagusa pembe ya mdomo, pale pale, kila mara. Kikihama nusu upana wa kidole, kwa hatua 30 mshale hukosa kwa shubiri nzima. Na nguvu itoke mgongoni, mkono peke yake huchoka na kutetemeka.

Sisemi tupige mishale mia kwa siku. Mtu akichoka hujifunza makosa. Mimi kila asubuhi huanza na mshale mmoja, kabla mwili haujachangamka, na kuandika ulipotua. Porini huo ndio mshale tunaopata. Mnyama aliyechomwa tumboni huteseka saa nyingi kichakani kabla hajafa, na anayemfuata kwa matone ya damu anajua ni nani aliyekosea.

Msomaji wenu, mpiga upinde