"Ni mawazo tu, mama" si jibu la muganga wa hospitali

Bwana Mhariri,

Naomba nafasi nimjibu msomaji wenu aliyeandika kwamba wamama wa siku hizi wamezidi kulalamikia moyo, na kwamba dawa yao ni kazi. Mimi ni fundi cherehani, nashona karibu na soko la Kadutu, na wateja wangu ni wamama hao hao. Kazi wanayo. Wengine wanakuja kuchukua nguo mgongo ukiwa bado mweusi kwa gunia la makaa walilobeba tangu alfajiri.

Nitamtaja yaya, dada yangu mkubwa, maana ruhusa amenipa. Mwanawe wa kwanza alikwenda Shabunda kutafuta dhahabu, na tangu kiangazi namba yake haipatikani. Simu ya yaya ikilia, hata kama ni mtu wa likelemba, chama chetu cha kuchangiana pesa kwa zamu, anadai mchango, mkono unamtetemeka na moyo unamwenda mbio mpaka unauona mshipa wa shingo unavyoruka chini ya ngozi. Usiku huo halali.

Tulimpeleka kituo cha afya. Alikuwa ametoka kupanda mlima kwa miguu, wakampima amesimama, foleni inamsukuma kwa nyuma: tansio, yaani shinikizo la damu, 16 kwa 10 (wengine wanasema 160 kwa 100). Nikaomba aketi kwanza apumue. Walipompima tena ikawa 12 kwa 8. Muuguzi akafunga kitabu: "Hauna kitu, mama, ni mawazo tu." Akaita mwingine.

Mimi si muganga, lakini nimesoma na nimeuliza. Ubongo ukihisi hatari, unatuma amri kwa mishipa ya fahamu hadi kwenye moyo, na pia kwenye tezi mbili ndogo zilizokaa juu ya figo. Tezi hizo zinamwaga adrenalini, moyo unakimbia, tansio inapanda. Mbwa akikufukuza, hiyo ni msaada. Ikiwa ni kila simu inapolia, miezi na miezi, mwili unachakaa. Kuna na mshipa mwingine wa fahamu, vagasi, unaoshuka toka ubongoni kupitia shingo hadi kifuani na tumboni. Huo ndio unaotuliza mapigo. Tena nyuzi zake nyingi zinapeleka habari juu, toka kifuani kwenda ubongoni. Kwa hiyo ubongo ukisikia moyo unakimbia, nao unazidi kuogopa. Ndiyo maana huwezi kumwambia yaya "tulia" naye akatulia papo hapo. Kupumua polepole, pumzi kama sita kwa dakika, kunamsaidia zaidi kuliko mahubiri yangu.

Msomaji wenu akiona hayo ni hadithi za wamama, asikie ya Wajapani. Mwaka 1990 madaktari wa huko walieleza ugonjwa walioupa jina takotsubo, yaani chungu cha kutegea pweza, kwa kuwa chumba cha kushoto cha moyo kinavimba kwa chini kikafanana na chungu hicho. Mtu anapata msiba au hofu kubwa, kifua kinabana kama moyo unataka kusimama, lakini wakiangalia mishipa ya damu ya moyo hawakuti iliyoziba. Wengi wao ni wanawake waliokwisha kukoma hedhi. Wengi wanapona kwa majuma kadhaa, ila wapo wanaokufa. Na utafiti wa INTERHEART, uliofanyika katika nchi 52 na kutangazwa mwaka 2004, uliweka msongo wa maisha katika orodha moja ya vinavyoleta mshtuko wa moyo, pamoja na tumbaku, kisukari na tansio.

Maombi siyakatai, mimi mwenyewe ni wa kwaya. Ninachokataa ni kumfungia mgonjwa wa tansio katika chumba cha maombi siku tatu bila maji, na kumwambia atupe vidonge. Nakataa pia kila maumivu ya kifua yaitwe mawazo. Kifua kikibana, maumivu yakienda mkono wa kushoto au taya, jasho baridi likatoka na pumzi ikakatika, mtu akimbizwe hospitali saa hiyo hiyo, mawazo yataulizwa baadaye.

Waganga wetu nawaomba kidogo tu. Mtu aketi dakika tano kabla ya kupimwa. Aulizwe kama analala, kama amefiwa, kama kuna mtu wake anayemngojea na hajarudi. Akihitaji msaada zaidi, aelekezwe. Bukavu tuna SOSAME, hospitali ya magonjwa ya akili, ila bila neno la muganga nani atathubutu kwenda, wakati majirani watasema amerukwa na akili?

Na ninyi wa gazeti, chapisheni dalili zile za hatari kwa herufi kubwa. Nitazibandika kando ya kioo changu, wamama wakija kujaribu nguo wazisome. Msomaji wenu naye karibu, benchi ipo.

Fundi cherehani,
Kadutu, Bukavu