Barua ya wazi kwa Waziri wa Ardhi na Nyumba, Kaunti ya Kilifi: Tuonyeshwe maji yatapita wapi kabla ukuta haujainuka

Mheshimiwa Waziri,

Pokea salamu za heshima kutoka Malindi. Nimefanya kazi ya kutunza bustani za hoteli na za majumba ya watu kwa zaidi ya miaka ishirini, kuanzia Casuarina hadi Watamu. Pia ni mwenye nyumba. Miaka michache iliyopita mimi na mke wangu tulinunua nyumba katika mtaa mpya upande wa bara, nyuma ya mji. Nakuandikia kwa sababu ya hayo mawili, kazi yangu na nyumba yangu.

Tulikuja kuikagua mwezi wa Februari. Kaskazi inavuma, uani kukavu, kabro, yale matofali ya kutandika chini uani, imepangwa ikapangika, na mitende midogo imesimama mlangoni. Mimi niliyeshika jembe maisha yangu yote sikuuliza swali ambalo ningemuuliza tajiri yeyote aliyeniita kumtengenezea bustani: mvua ikinyesha hapa, maji yanaelekea wapi?

Masika ilipofika tulipata jibu. Maji yalitoka kwa jirani wa nyuma, yakagonga ukuta wetu wa mpaka, yakakosa pa kutokea, yakarudi na kuingia kwa mlango wa jikoni. Usiku ule tulizoa maji kwa ndoo na masufuria hadi alfajiri. Gunia la mchele lililowa lote. Asubuhi tukagundua kuwa shimo la maji taka limejaa hadi juu, maana lilichimbwa pahali pa chini kabisa pa kiwanja na maji ya mvua yakalifuata huko. Kilichokuwa ndani kikapanda, kikaelea juu ya kabro, watoto wakizuiwa wasitoke nje.

Baadaye mzee mmoja aliyewahi kulima mihogo eneo hilo, kabla halijauzwa, alinieleza jambo ambalo silisahau. Alisema pale penye safu yetu ya nyumba palikuwa na bonde dogo, na kila masika vyura walilia pale usiku kucha. Tingatinga lilipokuja lilifukia bonde, likasawazisha eneo zima likawa kama meza, kisha vikapimwa viwanja. Hakuna aliyemuuliza mzee yule chochote. Udongo wa kujazia ulijengewa nyumba ukiwa bado haujashikana, ukadidimia, na sasa uwanja umebonyea kuelekea msingi badala ya kuinamia barabarani.

Naomba tupige hesabu pamoja, Mheshimiwa. Kiwanja cha futi 50 kwa 100, ambacho ndicho wengi wetu tunaweza kukinunua, ni takriban mita za mraba 465. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja ya maji. Mvua ya milimita 50, ambayo Malindi tunaiona mwezi wa Mei bila mtu kushangaa, inamwaga zaidi ya lita 23,000 juu ya kiwanja kimoja. Hayo ni zaidi ya malori mawili ya maji ya lita 10,000 kila moja. Zamani mchanga wetu wa pwani ulikuwa ukiyanywa. Leo nusu ya kiwanja ni paa, iliyobaki ni kabro, na barabara ya mtaa imeshindiliwa. Zidisha malori hayo kwa nyumba arubaini, kisha uniambie yapite wapi ikiwa mtaro haukuchorwa.

Kinachoniuma ni kwamba kulizuia hili kungegharimu kidogo mno. Kanuni wanayoijua mafundi wa bustani ni nyepesi: ardhi iteremke kutoka ukutani, angalau inchi 6 katika futi 10 za kwanza, na msingi uinuliwe juu ya uwanja. Tingatinga lilikuwa pale pale. Viwanja vilikuwa wazi, bila kuta, bila mabomba. Mwendeshaji angeambiwa tu akate mteremko badala ya meza, na auache mkondo wa zamani uwe njia ya maji yenye nyasi katikati ya mtaa. Ni kazi ya siku zile zile na mafuta yale yale. Sisi tulipokuja kurekebisha, mashine haikuwa na pa kupita. Tulivunja kabro, tukachimba kwa sururu, udongo ukatolewa kwa toroli kupitia geti dogo, shimo la maji taka likahamishwa, na jirani wa chini akabembelezwa akubali mtaro upite kwake. Fedha zilizotutoka zilizidi karo ya mwaka mzima ya mtoto wetu. Na jirani yangu, mwalimu mstaafu, bado hajaweza. Kila wingu likifanya giza yeye huinua godoro lake juu ya meza.

Mkataba wetu ulitupa miezi sita ya kudai marekebisho. Nataka ulitazame hili kwa makini, Mheshimiwa, kwa maana ndipo penye tundu. Nyumba inayokabidhiwa Septemba, miezi yake sita inaisha Machi, kabla masika haijaanza. Nyumba inaweza kumaliza muda wake wote wa kudai bila kuonja mvua kubwa hata mara moja. Muda huo ungehesabiwa kwa misimu, si kwa miezi: masika moja kamili ipite, na sehemu ya fedha za mwenye mradi ishikwe na kaunti kama amana hadi Juni iishe.

Nije kwenye udongo, maana huko nako watu wanapoteza fedha wakidhani mkosi ni wao. Udongo wa juu, ule mweusi kidogo wenye mizizi na majani yaliyooza, kwetu pwani ni mwembamba sana. Chini yake ni mchanga au mwamba wa matumbawe. Tingatinga hukwangua ule wa juu, na mara nyingi unapakiwa lori ukauzwe kwingine. Kinachobaki ni mchanga uliochanganyika na mabaki ya saruji, chokaa na vipande vya mawe, ukashindiliwa na magurudumu ya malori ya kokoto. Juu yake wanalaza ukoka wa kununua siku tatu kabla ya wanunuzi kuja. Baada ya miezi miwili umekufa. Mwenye nyumba ananunua mwingine, unakufa tena. Anapanda maua, majani yanageuka manjano huku mishipa ikibaki kijani, naye anazidisha maji. Si maji yanayokosekana. Udongo wa matumbawe una chokaa nyingi tayari, saruji inaizidisha, na mmea unashindwa kufyonza madini ya chuma. Nimeitwa kwenye nyumba nyingi kutazama ugonjwa huo, na dawa ya kweli ni kuchimba kifusi chote na kuleta udongo na mboji. Kama udongo wa juu ungerundikwa pembeni siku ya kwanza na kurudishwa ujenzi ulipokwisha, hakuna hata mmoja angelipia hayo.

Na wengi humwagilia kwa maji ya kisima. Karibu na bahari, kisima kikivutwa sana maji ya chumvi huja juu, na bustani inachomwa na mwenyewe anayeitunza. Wenzetu wa Lamu wamejua tangu zamani kwamba vilima vya mchanga vya Shela ndivyo vinavyopokea mvua na kulisha visima vya mji. Sisi nasi tuna vilima kama hivyo kati ya mdomo wa mto Sabaki na Mambrui. Naomba visikatwe ili mtu apate kuiona bahari kutoka sebuleni.

Kuhusu miti nitasema machache. Mitaa mipya inapandwa fikasi kwa sababu inakua haraka na kufunika ukuta. Mizizi yake huinua kabro na kuingia kwenye mabomba ikitafuta maji. Mkungu una kivuli kizuri, lakini si mita mbili kutoka ukutani. Mwarobaini, ambao wengine huuita mkilifi, nao usiwekwe kando ya shimo la maji taka. Wakati huo huo miembe na mikanju iliyokuwapo kabla ya mradi inang'olewa yote, hata ile iliyo kwenye mpaka wa kiwanja ambapo haimzuii fundi yeyote. Mwembe uliokwisha kukua hauhitaji kumwagiliwa na mtu. Kwa bustani ndogo tunayo mimea iliyokuwa nyuani mwa wazee wetu, asumini na mlangilangi, inayolijua jua hili na kunukiza nyumba nzima jioni.

Mheshimiwa, sikuombi kitu kilicho nje ya mamlaka yako. Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, imezipa kaunti kazi ya mipango na nyumba, na ikataja waziwazi mifumo ya maji ya mvua katika maeneo yaliyojengwa. Sheria ya mipango na matumizi ya ardhi ya 2019 imeipa kaunti uwezo wa kuidhinisha mradi au kuukataa. Ramani zinazoletwa ofisini huonyesha vyumba, madirisha, hata pahali pa sinki. Naomba isipigwe muhuri ramani yoyote ya mtaa ambayo haionyeshi miinuko ya ardhi kama ilivyo kabla ya tingatinga, maji yatatoka wapi na yataishia wapi, udongo wa juu utawekwa wapi, na miti ipi itabaki. Na mkaguzi atakayetoa cheti cha watu kuhamia aitazame nje kwa uzito ule ule anaoitazama ndani.

Naomba haya yaanze na nyumba za serikali zenyewe. Tangu Sheria ya Nyumba za Bei Nafuu ya 2024, mfanyakazi anakatwa asilimia 1.5 ya mshahara wake kwa ajili ya ujenzi huo. Mtu aliyekatwa hivyo mwezi baada ya mwezi asije akapewa ufunguo wa nyumba kisha akaanza kununua mifuko ya mchanga ya kuziba mlango.

Kama ratiba yako itaruhusu, njoo kwetu mwezi wa Mei, siku ya pili baada ya mvua kubwa, ukiwa na maafisa wa mipango. Msivae viatu vya ofisini. Nitawaonyesha mtaro wetu, nyumba ya mwalimu, na lile bonde ambalo maji bado yanalikumbuka. Mzee wa mihogo amekubali kutembea nasi.

Wako kwa heshima,
Mtunza bustani, Malindi