Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wafinyanzi Wanachama, Bagamoyo

Ndugu wanachama, asalaam aleykum, tumsifu Yesu Kristo.

Shughuli za kawaida mnazijua, sitazirefusha. Udongo ulichimbwa na kugawanywa kabla ya masika, banda la kukaushia limeezekwa makuti mapya, meza yetu kwenye tamasha la sanaa ilikuwepo kama kila mwaka, na waliofiwa walipelekewa rambirambi. Tuko wanachama 41. Mauzo ya pamoja, baada ya gharama, yaliingiza Sh 780,000.

Nije kwenye jambo linalosemwa vichochoroni kuliko linavyosemwa kikaoni, yaani fedha za gurudumu.

Ni kweli mkutano mkuu uliopita ulitenga Sh 1,100,000 za kununua gurudumu la umeme la kufinyangia. Ni kweli pia kwamba kamati, chini ya uenyekiti wangu, ilitumia Sh 640,000 kati ya hizo kuendesha darasa la Jumamosi la kuwasoma wafinyanzi wa kwingine: projekta ya mtumba Sh 350,000, bando Sh 120,000, na kuni, pumba pamoja na usafiri wa kwenda magofu ya Kaole Sh 170,000. Zilizobaki, Sh 460,000, ziko benki na daftari liko wazi. Imesemwa kwamba hela za gurudumu tumezila kwa kutazama picha. Maneno hayo yameniuma. Simu iliyotumika ni yangu, bando la miezi ya mwanzo lilitoka mfukoni mwangu, na sijadai hata shilingi.

Sababu ya kutolinunua gurudumu ni hii. Udongo wetu tunauchanganya na mchanga na vigae vilivyotwangwa, ndiyo maana chungu chetu kinakaa juu ya mafiga bila kupasuka. Uuweke kwenye gurudumu linalokwenda mbio, viganja vitachubuka. Uuchekeche uwe laini, hautavumilia tena moto wetu wa kuni na makuti, utataka tanuri linalopanda joto taratibu. Tanuri hatuna. Pale Kaole tulizungumzia vyombo vya China vilivyofukuliwa kwenye magofu: kaure ngumu ya namna ile inataka nyuzijoto 1,200 na zaidi, na moto wa uwanjani kwa kawaida haufiki 900. Gurudumu lingekaa pembeni limefunikwa kanga.

Darasani tumemsoma Ladi Kwali wa Nigeria, aliyefundishwa na shangazi yake kupandisha mitungi kwa pindi, yaani kamba, za udongo; kazi zake zilifika London na Marekani, na picha yake imo kwenye noti ya Naira 20. Tumemsoma Magdalene Odundo, mzaliwa wa Nairobi mwaka 1950, aliyekwenda kusoma Uingereza, kisha katikati ya miaka ya 1970 akafuata ujuzi wa akina mama wa Abuja ya wakati ule, sasa Suleja, huko Nigeria. Vyombo vilivyompa jina duniani amevipandisha kwa mkono na kuvisugua mpaka vinang'aa, bila gurudumu. Tumemsoma na Reinata Sadimba, Mmakonde wa Msumbiji aliyezaliwa 1945, ambaye miaka ya 1980 aliishi hapa hapa Tanzania kabla ya kurudi kwao na kukaa Maputo. Mitungi yake ina nyuso za watu na chale.

Weusi wa vyombo vya Odundo si rangi ya kupakwa. Chombo huchomwa kikatoka chekundu, kisha huchomwa tena kwa moto ulionyimwa hewa, moshi ukaingia mwilini. Nasi tukajaribu kwa njia yetu: vetezo vya kufukizia ubani vilitolewa motoni vingali vyekundu kwa joto, vikafukiwa kwenye debe la pumba za mpunga, juu tukaziba kwa mchanga. Tulipovifukua, paliposuguliwa sawasawa kwa kokoto palikuwa peusi pa kung'aa, palipoachwa pakabaki na mabaka ya kijivu. Viwili vilipasuka midomo. Vizima vimeuzwa Sh 15,000 kimoja, na chetezo cha kawaida mnajua tunavyovutana na mteja kufika Sh 4,000. Aliyeuza vingi kuliko wote ni mwenzetu aliyelipinga darasa tangu siku ya kwanza, nami nampongeza.

Mnasema hamkushirikishwa. Mkutano wa dharura uliitishwa mara mbili. Akidi ni nusu ya wanachama. Wa kwanza walikuja 11, wa pili 9. Katiba yetu inaipa kamati mamlaka ya kuamua akidi inaposhindikana mara mbili mfululizo. Udongo uwahi ungali maji. Sikuona busara ya kungoja mwaka mwingine. Asiyefika kikaoni hana haki ya kusema ameporwa uamuzi.

Ada nayo inasikitisha. Kwa Sh 2,000 kwa mwezi tulipaswa kukusanya Sh 984,000, tumekusanya Sh 486,000. Waliolipa mwaka mzima ni 13. Tisa hawajalipa hata mwezi mmoja, na baadhi yao ndio wanaouliza gurudumu liko wapi.

Mwakani, Mungu akipenda, tunatarajia kuanza kufikiria tanuri dogo la matofali, kuomba wataalamu wa TaSUBa, taasisi ya sanaa na utamaduni ya hapa Bagamoyo, watutembelee, na kutafuta soko la hotelini. Gurudumu halijafutwa, litakuja wakati wake.

Bi Mhazini atakaa mlangoni na daftari la ada baada ya kikao.

Naomba kuwasilisha.